Wanafunzi Wenye Mvi wa Mbulu na Hanang

Mtu mzima aingiapo darasani kwa mara ya kwanza hukaa karibu na mlango. Tumeliona jambo hili mara nyingi hata hatukosei tena maana yake. Akaaye karibu na mlango si mvivu, wala hana haraka ya kwenda zake. Ni mtu aliyekuja pamoja na hofu yake, naye ameiwekea hofu hiyo njia ya kutokea. Atakaa hapo siku tatu, pengine juma zima. Siku atakaposogea dawati moja mbele, mwalimu mwenye akili hatasema neno, bali ataendelea na somo kama kwamba hakuona kitu.

Sisi tulipata kufundisha madarasa ya kisomo katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara, na baadaye tukawafunza vijana ambao wangefundisha baada yetu. Katika makala haya hatukusudii kueleza tulichofundisha, maana herufi ni zile zile zijulikanazo na kila mtoto wa darasa la kwanza. Twakusudia kuwaeleza wale tuliowafundisha, kwa kuwa twaona sifa zao hazisemwi inavyostahili, na kwa kuwa katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, hata mijini, yuko mzazi au babu ambaye naye angekaa karibu na mlango.

Yafaa kwanza msomaji aijue nchi yenyewe. Mbulu ni nchi ya juu, ya vilima na mabonde na baridi; asubuhi za Juni na Julai watu hujifunika mablanketi mpaka jua lipande. Kusini yake iko wilaya ya Hanang, ambayo mji wake mkuu ni Katesh, chini ya mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Ni mlima huo huo ambao tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Wenyeji walio wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji, ambao lugha yao ni ya Kikushi, ndugu ya mbali ya Kisomali. Wako Wadatoga, na hasa wale waitwao Wabarabaig, wafugaji wenye lugha ya Kiniloti. Wako Wanyaturu na Wanyiramba, ambao lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, wawindaji wenye lugha ya kupiga vidoko isiyofanana na yoyote ya jirani zao. Wataalamu wa lugha husema ni shida kupata mahali pengine Afrika ambapo lugha za asili zilizo mbali hivi zimekutana katika nchi ndogo kama hii.

Sasa tazama mzigo wa mwanafunzi wetu. Mzee wa Bagamoyo au wa Pangani ajifunzapo kusoma hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuyatambua kwa macho maneno ambayo masikio yake yameyajua tangu utotoni. Mama wa Kiiraqw wa Dongobesh, au mchungaji wa Kidatoga wa Balang'dalalu, hana nafuu hiyo. Vitabu vya kisomo vimeandikwa kwa Kiswahili, naye Kiswahili alikipata mnadani kwa kuuza mbuzi na kununua chumvi, na Kiswahili cha mnadani hakina maneno mengi ya kitabuni. Basi yeye hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, lugha na maandishi yake. Akisoma neno kwa silabi zote bila kosa, huenda bado hajui alichokisoma. Mara nyingi tulimsifu mtu kwa kusoma vema, kumbe ametusomea sauti tupu.

Hapa tuongeze jambo ambalo huenda likawapendeza vijana wetu wa madrasa. Zile sauti za ha na ain ambazo walimu wetu wa Kurani hutaabika nazo miaka na miaka, wakimwambia mtoto azitoe kooni wala asizitoe kinywani, Mwiraqw anazo katika mazungumzo yake ya kila siku, na kafu pia anayo, naye huzitamka bila kufikiri. Lakini z na v hana. Kwake zawadi huwa "sawadi", na vizuri huwa "fisuri". Habari hii ndogo ya sauti mbili ndiyo iliyotutia katika kosa letu kubwa, ambalo tutalieleza mbele.

Liko jambo la mkono. Mkono uliozoea mpini wa jembe na fimbo ya kuchungia haujui nguvu ndogo. Siku za kwanza ncha ya penseli huvunjika mara kwa mara, karatasi hutoboka, na mtu aliyelima mahindi na ngano kwa miaka 30 huona haya kwamba kijiti kidogo kama kile kimemshinda. Liko jambo la macho. Aliyekwisha kupita miaka 40 aghalabu haoni vizuri kitu kilicho karibu, wala hajui kwamba ni macho. Hudhani ni akili. Tulikuwa na wanafunzi waliotuambia, "Mwalimu, kichwa changu ni kigumu," nao ubao waliuona barabara, ila kitabu kikiwa mapajani herufi ziligeuka wadudu. Miwani iliuondoa ugumu wa kichwa kwa siku moja. Tangu hapo kila tulipofungua darasa jipya tulianza kwa kuwauliza watu kama waweza kutunga uzi katika sindano.

Tena liko dawati. Madarasa yetu yalikuwa katika vyumba vya shule ya msingi, saa tisa alasiri, watoto wakiisha kwenda makwao. Mzee mrefu wa Kibarabaig akiketi katika dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yake hufika kifuani. Ukutani mbele yake iko picha ya bata, na chini ya bata imeandikwa b. Hata aliyesafiri na mifugo usiku katika nchi ya fisi hupata jasho akiwa amekaa hivyo.

Na liko jambo la salamu, ambalo mtu asiyelijua huliona dogo. Shuleni mwanafunzi husimama akamwamkia mwalimu. Lakini mwalimu akiwa kijana wa miaka 25, na mwanafunzi akiwa rika la babu yake, nani amwamkie nani? Sisi tulikata shauri mapema kwamba mwalimu ndiye atakayesema shikamoo, pale mlangoni, kwa kila mkubwa wake, kabla hajashika chaki. Kijana mmoja tuliyekuwa tukimfunza kazi alilalamika kwamba hilo litamshusha. Tukamwomba ajaribu kwa juma moja. Hakulizungumza tena.

Katika wote hao, wanawake ndio waliotushangaza zaidi. Mwanamume husema "nakwenda darasani", akaenda. Mwanamke huacha nyuma maji, kuni, watoto, ng'ombe wa kukamwa, na pengine neno la mume. Mmoja wa Hanang, mama wa watoto saba, mumewe hakumkataza. Alimcheka tu mbele ya wageni, akimwita "mwalimu mkuu". Mama yule alikuja darasani miezi mitano na jina hilo likimfuata. Mwingine alilificha daftari lake chini ya debe la mahindi, hata siku mumewe alipoletewa barua kutoka ofisi ya kijiji, naye asipate mtu wa kumsomea. Mke akanawa mikono, akaiomba barua ile, akaisoma mpaka mwisho, polepole. Tulipomwuliza mume alisema nini, alijibu kwamba hakusema kitu, ila kesho yake alimtuma mtoto kuchota maji mapema, ili mama asichelewe.

Msomaji asidhani kwamba hofu hii ni ya watu wa bara tu. Huko Pwani walikuwako, na bado wapo wachache, mabibi walioandika barua zao kwa Kiswahili kilicho safi kwa herufi za Kiarabu, na ambao aghalabu walihesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma, kwa sababu karatasi za Serikali zilitaka herufi za Kizungu. Mwanamke aliyemaliza juzuu zote thelathini akiwa msichana aliambiwa aweke dole gumba. Wala kujifunza ukubwani si jambo geni katika historia ya Uislamu. Bibi Shifaa binti Abdallah wa Makka, mmoja wa wanawake wachache waliojua kuandika siku zile, ndiye anayetajwa kuwa alimfundisha kuandika Bibi Hafsa, mkewe Mtume, rehema na amani zimshukie.

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Katika kijiji kimoja cha Mbulu tulikuwa na mwanafunzi aliyepita miaka 60. Alikuwa mtu wa maneno machache, msuluhishi wa ugomvi wa mipaka ya mashamba, ambaye neno lake hungojewa kabla ya watu kutawanyika. Darasani alikaa karibu na mlango kwa majuma mawili, kisha akasogea, kisha siku moja akakubali kuja ubaoni. Tukamwambia aandike neno mzee. Akashika chaki, akaandika bila haraka, kwa herufi zilizonyooka: msee. Sisi tukacheka. Tulicheka kwa furaha ya kumwona amefika ubaoni, lakini kicheko hakina maandishi ya kueleza nia yake. Tukasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Hapana, mzee, hapo umekosa," tukaifuta ile s, tukaandika z kubwa. Darasa nalo likacheka, maana mwalimu amecheka. Mzee akairudisha chaki mahali pake, akakung'uta vumbi mikononi, akatoka. Hakuja kesho yake, wala keshokutwa, wala juma la pili.

Kwa siku kadhaa tulijipa udhuru kwamba ni msimu wa palizi. Kisha jioni moja tulikuwa tukisahihisha madaftari, tukaona kwamba wanafunzi 11 wameandika s mahali pa z. Ndipo tulipofahamu kwamba yule mzee hakukosa. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tumewaagiza wasikie sauti, kisha waiandike. Naye alikuwa ameandika kwa uaminifu sauti aliyoisikia na aliyoitamka maisha yake yote. Aliyekosa ni mwalimu, ambaye alikuwa hajajishughulisha kujua ni sauti zipi zilizo katika lugha ya watu aliokuja kuwafundisha.

Tulikwenda kwake kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu. Tulimkuta akitengeneza ua wa ng'ombe. Tukamwamkia, akaitikia, akatupa kigoda, wala hakutuuliza tumefuata nini. Tukamwomba radhi, tukamweleza habari ya s na z kama tulivyoielewa. Alinyamaza kitambo. Kisha akatuuliza kama tumekwisha kuliona ziwa lililo karibu na mji wa Mbulu. Tukasema tumeliona, ziwa Tlawi. "Lipi?" Tukasema tena, "Tlawi." Akatikisa kichwa, akalitamka yeye, na lile tl la mwanzo likamtoka ubavuni mwa ulimi kwa mshindo mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Tukajaribu. Akatikisa kichwa. Akatupa jina la ng'ombe jike, slee, nalo likatushinda pia. Wajukuu wake walikuwa wamesimama mlangoni wamejiziba midomo. Yeye hakucheka. Akasema, "Mwalimu, umesoma mpaka umefika mwisho, na ulimi wako umekataa. Nami sikukucheka."

Tutarudi kwake baadaye kidogo, maana liko jambo lililo nyuma ya hofu hizi ambalo vijana wengi wa leo hawalijui.

Nchi hii ilikwisha kuyaona madarasa ya watu wazima yaliyojaa kupita ya leo. Mwalimu Nyerere, alipouanzisha Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano mwaka 1964, alieleza kwamba maendeleo hayawezi kungojea watoto wakue, na kwamba wakubwa ndio wa kwanza kuelimishwa. Katika hotuba ya kuukaribisha mwaka mpya aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita zilitakiwa ziwe zimeufuta ujinga wa kusoma ifikapo mwisho wa 1971, nazo ni Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam, Mbulu haikuwamo. Katika mikoa ya Ziwa, tangu 1968 hadi 1972, UNESCO ilisaidia kutengeneza vitabu vilivyofuata kazi za watu: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa habari za pamba, mvuvi kwa uvuvi, mwenye migomba kwa ndizi, mfugaji kwa ng'ombe. Walimu wa shule hawakutosha, wakaongezwa vijana waliomaliza darasa la saba, na posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusomeana vitabu vya Mtu ni Afya, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Wakati wa Uhuru kiasi cha watu wazima wawili katika watatu, au zaidi, walikuwa hawajui kusoma. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wamebaki asilimia 39, na hesabu ya 1986 ikawaonyesha kuwa chini ya asilimia 10.

Kisha hesabu ikageuka. Sensa ya 2002 ilikuta karibu theluthi nzima ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Walioingia utu uzima bila shule walikuwa wengi, hilo ni kweli. Lakini wako pia waliokuwa wamejua wakasahau. Uchumi ulipodorora, magazeti hayakufika vijijini, vitabu vikaliwa na mchwa, posho za walimu zikakoma, na maandishi yasiyotumiwa hutoka kichwani. Huko Hanang tulimpata bibi mmoja aliyetuletea cheti chake cha miaka ile ya 1970, kimekunjwa mara nne ndani ya kitambaa. Jina lake lilikuwamo, na hatua aliyofaulu, na muhuri. Yeye mwenyewe hakuweza tena kukisoma. Twadhani hakuna mtu darasani mwetu aliyehitaji moyo mkubwa kuliko huyo, kwani asiyejua huja kuanza, naye alikuja kukiri kwamba amerudi nyuma. Aliketi mbele tangu siku ya kwanza. Alisema mlangoni alikwisha kukaa zamani.

Vijana huuliza: mtu wa miaka 60 anasomea nini? Wengine huuliza hivyo mbele ya mzee mwenyewe, jambo ambalo ni utovu wa adabu.

Wilaya ya Hanang yenyewe ina jibu. Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za upande wa Basotu, kwenye nchi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, na katika sababu zake ilikuwamo kwamba baraza la kijiji halikuthibitisha kuwa ardhi ile iligawiwa kwake kwa taratibu za sheria. Hatusemi kwamba kujua kusoma kungaliwapa ushindi. Mambo ya sheria yana mapana yake. Lakini wazee wa Hanang walijifunza pale kwamba ardhi ambayo mababu wamezikwa ndani yake huweza kuulizwa karatasi. Upande wa Mbulu mambo yalikwenda vingine: mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya nchi yao, hekta zipatazo 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hapo napo karatasi ndiyo iliyosema, ila safari hii ilisema upande wao.

Jibu jingine liko katika simu iliyo mfukoni mwa kila mtu. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu, na asiyejua kusoma humpa mjukuu namba yake ya siri, au humpa wakala, au mpita njia. Mama mmoja muuza maharage alitueleza kwamba fedha zake za msimu zilipungua kidogo kidogo, na aliyezipunguza ni yule yule aliyekuwa akimsomea ujumbe. Hakutaka kumtaja, maana ni damu yake. Alikuja darasani akasema mbele ya wote kwamba hahitaji kusoma kitabu. Anataka kusoma tarakimu na neno "umetoa". Tukamwanzishia hapo hapo alipotaka. Baada ya miezi miwili alibadili namba yake ya siri peke yake, mlango umefungwa, na baada ya hapo akaanza kutaka vitabu.

Mwanadada au kijana usomaye haya, kama nyumbani mwenu yuko mzee ambaye hukupa simu na kusema "macho yangu leo hayaoni vizuri", usiipokonye ukamaliza kazi kwa dakika moja huku ukitazama pembeni. Kaa naye. Msomee kwa sauti, kidole chako kikifuata neno, naye atafuata bila kuambiwa. Na yale uliyoyasoma yabaki kwako; wengi wanaoacha kuomba msaada huacha kwa sababu habari zao zilifika jikoni kabla yao.

Hatuwezi kuacha kuwataja wawili waliojulikana mpaka nchi za mbali. Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwezi Januari 2004, akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi ndefu za sare, mara Serikali ya Kenya ilipofuta ada za shule za msingi. Alitaka kujisomea mwenyewe kitabu cha dini yake ajue kama wahubiri husema yaliyomo, na kuhesabu fedha asipunjwe. Mwaka 2005 alisimama New York kusema habari ya elimu ya bure, akafariki Agosti 2009. Wa pili ni Bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga wa jadi, ambaye akiwa na miaka 90 alikaa darasa moja na vitukuu vyake. Alitaka kuandika aliyoyajua katika ukunga kabla hajaondoka nayo. Alifariki Novemba 2022. Hao walipigwa picha. Wa Mbulu na Hanang hawakupigwa, na wengi wao wasingekubali.

Turudi kwa mzee wetu. Alirudi darasani Jumatatu iliyofuata, akaweka sharti moja: kila siku kabla ya somo, mwalimu asimame mbele ya darasa alitamke jina la ziwa. Tukakubali. Darasa zima lilisikiliza, na safari hii aliyetaka kucheka alicheka, kwa kuwa aliyekuwa akitahiniwa ni sisi. Tangu siku hiyo hapana aliyeogopa ubao. Wakawa wakiandika s na z wakibishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akisema "hiyo ni ya nyuki wa Kiswahili", mwingine akiitafuta kwa kuweka kidole kooni ahisi mtetemo, kama tulivyowaelekeza.

Mwezi wa nne alituletea bahasha iliyochakaa. Ndani yake mlikuwa na karatasi tano za mapatano ya mipaka, alizoshuhudia miaka ya nyuma, zote zina alama ya dole lake. Wakati ule alikuwa amesomewa, naye akaweka dole kwa kumwamini msomaji. Hakutaka tumsomee. Alizisoma mwenyewe kwa siku mbili, akiuliza neno moja moja tu. Katika karatasi nne yaliyoandikwa ndiyo aliyoambiwa. Katika ya tano hayakuwa hayo. Alikaa kimya mbele ya karatasi ile muda mrefu, kisha akaikunja, akatuambia kwamba sasa ajua kwa nini alikuja darasani, na kwamba wenye shamba lile, mjane na wanawe, bado wako hai. Kesho yake alikwenda kwao, kisha akafuatana nao hadi ofisi ya kijiji. Hatukufuatana naye, wala hatukualikwa. Tulisikia tu kwamba alipoambiwa aeleze, aliomba karatasi, akaisoma kwa sauti mbele ya wajumbe, na shauri lile likafunguliwa upya.

Siku ya mtihani wa mwisho aliandika jina lake, la babaye na la kijiji chake, na chini yake akaongeza neno ambalo halikuulizwa: mzee, kwa z iliyokolezwa wino mara mbili. Alipotupa karatasi yake alitutaka tutamke Tlawi kwa mara ya mwisho. Tukatamka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema tumekaribia.